Maji Yaacheni, Bebeni Mawe
Mhadhara kuhusu kuhamisha tangi kubwa la matumbawe



Kila anayetaka kuhamisha tangi kubwa la matumbawe huanza na swali lilelile: haya maji tutayabeba vipi? Jibu langu huwa halimfurahishi. Maji yaache. Chukua kiasi cha kuwatosha samaki na matumbawe njiani, yanayobaki yamwage. Mwenye tangi hukunja uso. Ameyalea maji yale kwa miaka, ameyapima chumvi na joto asubuhi na jioni, na moyoni anaamini kwamba uhai wa tangi umo ndani yake. Jioni hii nataka kueleza kwa nini haumo humo, uko wapi basi, na mtu anayesafirisha mwamba mzima kwa lori au kwa ndege anabeba nini hasa.

Tuanze na uzito, maana uzito habishani nao mtu. Chukua tangi lenye urefu wa meta 2, upana wa sentimeta 70 na kimo cha sentimeta 70. Likijaa linachukua lita 980. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi, kwa hiyo maji peke yake yanapita tani moja. Kioo cha milimeta 19 kinakaribia kilo 250 kabla hujatia hata punje ya mchanga. Ongeza mawe, pampu, taa, na lile tangi dogo la chini lenye vichujio. Ukitaka kubeba maji yote hayo itabidi ukodi lori la pili, na lori hilo litakuwa limebeba kitu ambacho ungekitengeneza uendako. Chumvi ya matangi huuzwa kwa ndoo. Kilo 35 hadi 40 zinatosha lita 1,000, ilimradi maji yenyewe yamechujwa kwanza, yasiwe na klorini wala shaba. Huchanganywa siku moja au mbili kabla ya msafara, yakazungushwa kwa pampu na kupashwa joto, ili wageni wakifika wayakute tayari.

Kioo nitakipitia haraka. Tangi halinyanyuliwi likiwa na maji, wala likiwa na mawe, wala na ule mchanga ambao mwenyewe husema ni kidogo tu. Gundi ya silikoni imetengenezwa kuvumilia msukumo wa maji kutoka ndani. Haiwezi kustahimili kupindwapindwa ngazini. Tafuta watu sita, mikanda ya kunyanyulia, ubao mnene na karatasi ya povu, na tangi likifika lisawazishwe kwa pimamaji kabla ya kitu chochote kutiwa ndani. Mafundi wa ujenzi mnaelewa.

Sasa kuna bibi mmoja ningependa mumjue. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster jijini London, alikuwa Torquay, mji wa pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza. Huko akaona matumbawe madogo ya maji baridi, yale yasiyojenga miamba, akatamani kwenda nayo nyumbani. Ni safari ya zaidi ya kilomita 250, na barabara za zama zile hazikuwa na huruma na mtungi uliojaa maji. Akachukua sindano na uzi, akayashonea matumbawe yake kwenye sifongo kubwa ili yasigongane, akalitia sifongo mtungini pamoja na maji ya bahari. Yakafika hai. London akawa anaagiza maji ya bahari kutoka pwani, na alipoona hayapatikani kila anapoyahitaji, akamwamuru mtumishi wa nyumba awe anayamimina maji yaleyale kutoka chombo hiki hadi kile, mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa na zaidi kila siku. Mwaka 1847 akaongeza mwani ndani ya chombo. Matumbawe yakaishi, yakazaana, na mwaka 1859 maelezo yake yakachapishwa katika jarida la elimu ya viumbe.

Wanaume waliomfuata wana sifa kubwa zaidi vitabuni, hasa Philip Henry Gosse, ambaye katika miaka ya 1850 aliifanya hobi hii kuwa homa ya nchi nzima. Mimi naanza na bibi huyu kwa sababu alitatua kwa sindano na kwa mikono ya mtumishi mambo mawili ambayo leo tunayalipia fedha nyingi: kiumbe asigonge kitu njiani, na hewa iendelee kuingia majini. Kumimina kule ndiyo ilikuwa pampu yake ya hewa, na iliendeshwa na mtu ambaye bila shaka alikuwa na kazi nyingine zinazomsubiri jikoni.

Kitu kimoja hakukijua, wala hakuna aliyekijua wakati ule. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Baharini hutawanyika. Ndani ya tangi ingewaua wote kwa siku chache, lakini wako wadudu wasioonekana kwa macho, bakteria, wanaoila amonia na kuigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoila nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Sergei Winogradsky, Mrusi, ndiye aliyefanikiwa kuwatenga bakteria hao karibu mwaka 1890. Na bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Wachache huelea, ndiyo, lakini walio wengi mno wamejishika kwenye kitu kigumu: ndani ya vitundu vya mawe, juu ya punje za mchanga, kwenye kuta za mabomba. Jiwe la tumbawe, lile lile walilojengea nyumba mababu zetu wa Lamu na Unguja, lina vitundu vingi kiasi kwamba eneo lake la ndani linalishinda la nje mara nyingi. Ndani kabisa, ambako hewa haifiki, wapo wengine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni ikaondoka zake.

Mgema haoshi kitoma chake kwa sabuni. Utelezi unaobaki ndani ndio unaoanza kuchachua tembo la kesho. Jiwe la tangi liko hivyo. Tangi jipya lililojazwa mawe makavu huchukua kati ya wiki nne na sita kabla bakteria hawajaongezeka kiasi cha kumudu samaki. Mtu akihamisha maji yote kwa uangalifu mkubwa lakini akayaacha mawe yakauke juani nyuma ya pikapu, atakuwa na maji safi na tangi lililokufa.

Basi jiwe ndilo abiria wa kwanza. Husafiri ndani ya pipa lenye maji, au kwa safari fupi likiwa limefungwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya chumvi. Sifongo na viumbe laini waliojishika juu yake hawapendi kupigwa na hewa. Wakifa wanaoza, na kuoza kwao huzaa amonia ileile tunayoikimbia. Kwa hiyo pipa lenye pampu ndogo ya betri ni bora kuliko magazeti kila inapowezekana. Mchanga nauhukumu tofauti. Mchanga wa tangi lililokaa miaka una taka zilizotulia, na chini kabisa tabaka jeusi linalonuka mayai mabovu, harufu ambayo ni ya haidrojeni salfaidi. Ukiukoroga na kuumimina katika tangi jipya umemimina sumu. Mimi husema uoshwe mpaka maji yawe meupe, au utupwe ununuliwe mwingine. Wapo mafundi ninaowaheshimu ambao hubakiza konzi mbili za juu kama mbegu. Sigombani nao.

Ipo pia tahadhari ambayo haimhusu samaki bali mhamishaji mwenyewe. Baadhi ya viumbe laini wa jamii ya zoanthidi, wale wanaotanda juu ya mawe kwa rangi za kupendeza, wana sumu iitwayo palitoksini. Ni katika sumu kali zinazojulikana. Vaeni glavu, msiyasugue mawe kwa brashi mkiwa na kidonda mkononi, na kamwe msimimine maji ya moto juu yake kuyasafisha, kwa sababu mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitali.

Utaratibu wa kutoa vitu tangini una akili yake. Kwanza fyonza kwa mpira maji safi ya kusafiria, kabla mkono wa mtu haujatibua chochote. Kisha toa matumbawe, halafu mawe, na samaki wawe wa mwisho, maana samaki mwenye mawe ya kujificha hakamatiki, na yule asiye na pa kujificha, maji yakiwa yamebaki kimo cha kiganja, hukamatwa bila fujo. Wasilishwe siku moja au mbili kabla, ili wasichafue maji ya mfuko. Kangaja ana wembe mkiani, atatoboa mfuko mmoja, hivyo apewe miwili au ndoo. Bunju asinyanyuliwe nje ya maji kabisa. Akijijaza hewa badala ya maji anaweza kushindwa kuitoa. Na jongoo bahari, mpole kama alivyo, akishtushwa anaweza kutoa sumu itakayoua samaki wote walio naye chombo kimoja, kwa hiyo apakiwe peke yake hata kama nafasi ni ya shida.

Tumbawe lenyewe hufungwa likiwa limetundikwa kwenye kipande cha povu kinachoelea, kichwa chini, lisiguse ukuta wa mfuko. Ni sindano na uzi wa bibi Thynne kwa vifaa vya leo. Gizani wale vijimwani wanaoishi ndani ya nyama yake hawatengenezi tena oksijeni, wanaitumia, na tumbawe lililoshtuka hutoa makamasi mengi yanayooza upesi. Maji yawe mengi kuliko unavyodhani yanahitajika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wapiga mbizi wa Shimoni, Mtwapa na Kilifi wanaokamata samaki wa mapambo kwa ajili ya soko la ng'ambo wanalijua kwa mazoea, na mwenye tangi wa nyumbani hulijua kwa nadra. Samaki akiwa ndani ya mfuko uliofungwa, anapumua. Kaboni dayoksaidi inajaa, pH ya maji inashuka. Wakati huohuo anatoa amonia, nayo inazidi saa baada ya saa. Lakini amonia ina sura mbili. Katika maji yenye pH ya 8.2, kama ya bahari, zaidi ya asilimia 5 yake iko katika sura ile yenye sumu. pH ikishuka hadi 7, sura hiyo inapungua hata chini ya asilimia 1. Kwa hiyo uchafu uleule wa kupumua unamlinda samaki dhidi ya uchafu wake mwingine. Anafika baada ya safari ya siku nzima angani akiwa mchovu, lakini hai.

Hapo ndipo mpokeaji mwenye moyo mwema humuua. Anafungua mfuko, anauweka uelee juu ya maji ya tangi, anamwongezea maji mapya tone kwa tone kwa muda wa saa mbili ili amzoeshe taratibu. Mfuko ukifunguliwa tu, kaboni dayoksaidi inatoroka, pH inapanda, na amonia yote iliyokuwa imelala inaamka kuwa sumu, samaki akiwa bado ndani yake. Baada ya safari ndefu, sawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, hakikisha chumvi ya maji ya tangi imewekwa karibu na ile ya mfuko, kisha fungua na umhamishe samaki mara moja, bila maji yake. Ule utaratibu wa matone una mahali pake kwa safari fupi, na kwa wanyama kama kamba na viti vya pweza, ambao mabadiliko ya ghafla ya chumvi huwaumiza.

Nichukue barabara tunayoifahamu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 480, na mtu anayepanga kuhamisha tangi lake huko juu hufikiria joto, foleni na mashimo. Afikirie pia kimo. Nairobi iko karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa kadiri ya moja ya tano. Mfuko uliojazwa gesi ukabana kama ngoma pale Changamwe utakuwa umevimba lori likipanda kupita Emali, na fundo likiwa bovu utafunguka. Uachwe na ulegevu. Tena maji ya chumvi ya nyuzi 26 hushika takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita yakiwa pwani. Nairobi yanashika kama 5.5. Mapipa ya mawe na ndoo za samaki wakubwa, ambazo hazikufungwa, zinapoteza oksijeni kila kilomita ya kupanda, na tangi likishawekwa linahitaji mvurugo mkubwa zaidi wa maji juu kuliko lilivyohitaji Nyali. Sijui kwa nini wauzaji wa pampu hawalitaji hili.

Joto ni rahisi kulisimamia kuliko watu wanavyoogopa, mradi kila kitu kiwe ndani ya boksi la povu na lori lisafiri usiku. Usiku wa nyanda za juu hatari huwa ni baridi, si joto. Kilichobaki ni muda. Mizani ya Mariakani haimjui samaki, na foleni yake haina kipaumbele kwa matumbawe. Kwa hiyo anayeendesha awe na betri za akiba, na awe na mwenzake aliyekabidhiwa kazi moja tu: kukagua kama pampu bado zinatoa mapovu. Na hati ziwe mkononi kabla ya kumpigia simu mwenye lori. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na tumbawe lisilo na karatasi haliwezi kuvuka mpaka kihalali hata likifungwa vizuri namna gani.

Kama kuna anayedhani naongea nadharia kuhusu kuacha maji, atazame Monaco. Makumbusho ya Bahari ya pale, yaliyofunguliwa mwaka 1910 na Mwanamfalme Albert wa Kwanza, yamesimama juu ya jabali linalotazama Mediterania. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mfaransa Jean Jaubert alishughulika kujenga humo tangi la matumbawe ya tropiki, na mawe pamoja na matumbawe hai yakaletwa kutoka Djibouti, mlango wa Bahari ya Shamu. Ni maelfu ya kilomita. Maji ya Djibouti hayakwenda. Yaliyotumika ni ya Mediterania, yaliyovutwa kwa pampu kutoka chini ya jengo, bahari ambayo haina mwamba kama ule hata mmoja. Jiwe lilipowekwa ndani, mwamba ukaendelea.

Lakini mfano unaonishughulisha zaidi siku hizi ni wa Florida, kwa sababu unanilazimisha niyapime upya niliyoyasema.

Mwaka 2014, karibu na Miami, matumbawe yalianza kuoza nyama na kubakia mifupa mitupu. Ugonjwa huo ukaenea kwenye mwamba wa Florida wote, kisha visiwa vya Karibi, ukishambulia zaidi ya aina 20 za matumbawe magumu, na unasafiri kupitia maji. Kuanzia 2018, idara za serikali pamoja na bustani za wanyama na matangi ya umma ya Marekani zilikubaliana kufanya jambo lisilowahi kufanywa kwa ukubwa ule: kuyatoa matumbawe yenye afya baharini, mbele ya njia ya ugonjwa, na kuyapeleka yakaishi nchi kavu. Yakafungwa, yakapakiwa, yakasafirishwa. Mengine yalienda Galveston, Texas, ambako bahari iko karibu. Mengine yalienda Omaha, Nebraska, na Dubuque, Iowa, katikati ya mahindi, ambako maji ya bahari hutengenezwa kwa chumvi ya ndoo. Yameishi huko. Wapokeaji walitakiwa kuyatenga kabisa na matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki waliyokuwa nayo, yasichangie hata tone, kwa kuwa tone linaweza kubeba ugonjwa wa upande wowote. Maji yale ambayo mwenye tangi wa nyumbani anayalilia, hapa yalikuwa ndiyo mshukiwa.

Halafu ikaja Julai 2023. Kipimo katika ghuba moja ya kina kifupi kusini mwa Florida kilifika nyuzi 38 za selsiasi. Wafanyakazi wa vitalu vya matumbawe, watu waliokuwa wakiotesha miche baharini, walianza kuing'oa kwa haraka na kuikimbiza kwenye matangi ya maabara kisiwani Long Key. Safari fupi, lakini ilifanywa kwa maelfu ya vipande, kwa mashua, katika maji yaliyokuwa ya moto kuliko tangi. Kwenye mwamba wa Sombrero, waliofika kuukagua walikuta matumbawe waliyoyapanda yamekufa yote.

Sisi hatuyatazami hayo kwa mbali. Mwaka 1998 maji ya moto yaliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na hakuna aliyekuwa na tangi la kuyakimbizia.

Swali ambalo Florida bado inalishughulikia ni la kurudi. Kwenda ilikuwa safari ya kuokoa, na jiwe lilisafiri na wakazi wake wote. Kurudi si hivyo. Tumbawe lililokaa Nebraska miaka kadhaa limeishi na bakteria wa Nebraska, ndani ya mabomba ya Nebraska, na hakuna daktari wa wanyama anayeweza kuapa kwamba halina mgeni ndani ya vitundu vyake. Kwa hiyo mpango wenyewe unategemea zaidi watoto kuliko wazazi. Wazazi huwekewa taa zinazoiga mbalamwezi na joto linalofuata misimu, mpaka watoe mayai ndani ya tangi. Njia hiyo ilikomazwa na Jamie Craggs katika makumbusho ya Horniman, London. Mabuu huachwa watulie juu ya vigae safi, hukuzwa, hukaguliwa afya, ndipo hupelekwa baharini. Maji ya tangi hayaendi nao. Mawe nayo, yaliyonifanya nisimame hapa jioni nzima kuyatetea, huachwa nyuma palepale yalipo.